Chumba kwanza, projekta baadaye: namna ya kuchagua projekta na ekrani kwa sinema ya nyumbani



Katika miji yetu ya mashariki na kusini mwa Kongo, projekta si kitu cha ofisi kubwa tena. Zinauzwa Goma, Bukavu, Butembo na Lubumbashi, mpya na zilizokwisha kutumika, na jamaa nyingi zinatamani kuwa na chumba kidogo nyumbani ambamo wazazi, watoto na majirani wanaweza kutazama filamu pamoja jioni. Wengine wanaweka pesa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Wengine wanangoja zamu yao katika likelemba. Kisha mashine inafika nyumbani, inawashwa, na picha inaonekana kama nguo iliyopauka: palipotakiwa kuwa peusi pamekuwa kijivu, nyuso hazitambulikani, na mama aliyeketi nyuma hawezi kusoma maandishi yaliyo chini ya picha. Muuzaji harudishi pesa. Projekta inaingia kabatini.

Mara nyingi mashine yenyewe haikuwa mbovu. Ilinunuliwa kabla ya chumba kupimwa. Ndiyo sababu katika makala hii tunaanza na chumba, kisha ukubwa wa picha, na baada ya hapo ndipo tunafika kwenye projekta na ekrani. Ukifuata utaratibu huo, unaweza kununua mashine ya bei ya kadiri na kupata picha nzuri. Ukiuvunja, hata mashine ya bei kubwa itakuaibisha mbele ya wageni.

Ili hesabu zieleweke, tutachukua mfano wa chumba kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: upana mita 4, urefu mita 5, na dari kwenye mita 2 na nusu hivi. Ni chumba kinachopatikana katika nyumba nyingi za kwetu.

1. Giza ndilo nusu ya picha

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: projekta haiwezi kutupa rangi nyeusi. Inatupa mwanga tu. Sehemu nyeusi ya picha ni pale ambapo projekta haitupi mwanga, kwa hiyo unachokiona pale ni ekrani yenyewe. Kama mwanga wa dirisha au wa balbu unafika juu ya ekrani, ekrani inabaki nyeupe au kijivu, na hakuna weusi tena. Televisheni inalivumilia jambo hili kwa sababu kioo chake ni cheusi. Ekrani ya projekta ni nyeupe.

Tuweke hesabu ndogo. Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Tuseme projekta yako inatoa lumeni 700 za kweli juu ya picha yenye upana wa mita 2. Picha hiyo ina eneo la mita za mraba 2.25, kwa hiyo kila mita ya mraba inapata lumeni 310 hivi. Sasa, ikiwa balbu ya chumbani inaangusha lumeni 50 kwa kila mita ya mraba ya ekrani, sehemu nyeusi itakuwa na 50, na sehemu nyeupe itakuwa na 360. Nyeupe inazidi nyeusi mara 7 tu. Picha hiyo imepauka. Ukinunua projekta yenye lumeni 3000 na kuiacha balbu ikiwaka, tofauti inafika mara 28 hivi. Lakini ukiizima balbu na kuziba madirisha mpaka ibaki lumeni 1 tu kwa kila mita ya mraba, ile ile ya lumeni 700 inaweza kufikia tofauti ya mara 300, kama yenyewe haivujishi mwanga mwingi. Pazia zito limeshinda mamia ya dola.

Basi kabla ya kwenda dukani, ingia chumbani mchana, funga mlango, na utazame mwanga unapenya wapi. Katika nyumba za mbao, ambazo ni nyingi Goma, mwanga unapita kati ya mbao na chini ya bati. Katika nyumba za matofali unapita juu ya mlango na kwenye matundu ya hewa. Kitambaa kizito cha rangi nyeusi au buluu iliyoiva, kinachopita pande za dirisha kwa sentimita 20 hivi, kinazuia sehemu kubwa. Usizibe matundu ya hewa kabisa: watu kumi katika chumba kidogo pamoja na mashine inayotoa joto wanahitaji kupumua. Tundika kitambaa mbele ya tundu kwa kuacha nafasi, ili hewa ipite na mwanga usipite.

Angalia pia rangi ya kuta. Mwanga wa picha unagonga ukuta mweupe na dari nyeupe, kisha unarudi kwenye ekrani na kuififisha. Kama unaweza, paka rangi isiyong'aa na iliyokolea kwenye ukuta wa ekrani na kwenye sehemu za dari na kuta zilizo karibu nayo. Kama nyumba ni ya kupanga, vitambaa vya kutundika vinatosha.

Tunayo pia neema ya mahali tunapoishi. Tuko karibu na mstari wa ikweta, na Goma na Bukavu jua linatua karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Anayetazama filamu zake kuanzia saa moja usiku hahitaji mashine kali sana. Anayetaka kutazama mpira saa tisa mchana na madirisha wazi, afadhali anunue televisheni kubwa. Tunalisema wazi ili asitupe pesa zake.

2. Picha iwe kubwa kiasi gani?

Wengi wanataka picha ijaze ukuta mzima. Tunashauri upime kwanza mahali watu watakapoketi.

Filamu nyingi na vipindi vya leo vina umbo la 16 kwa 9, yaani picha yenye upana wa mita 2 ina kimo cha sentimita 112 hivi. Kutoka pembe hadi pembe ni inchi 90. Ili mtu wa nyuma asome maandishi bila taabu, umbali wake usizidi sana mara nne ya kimo cha picha. Katika chumba chetu cha mfano, kiti cha mwisho kiko mita 4.3 kutoka ekrani. Gawanya kwa 4, unapata mita 1.07. Kwa hiyo picha ya mita 2 inatosha mtu wa nyuma.

Na mtu wa mbele? Asikae karibu kuliko upana wa picha. Watoto kwenye mkeka wabaki mita 2 au zaidi kutoka ekrani, vinginevyo watageuza shingo kulia na kushoto kama watu wanaotazama mchezo wa tenisi. Viti vya watu wazima vinakaa vizuri kati ya mita 3 na mita 4.

Upande wa chini wa picha uwe sentimita 90 hadi mita 1 kutoka sakafuni, ili kichwa cha aliye mbele kisifunike maandishi ya aliye nyuma. Jambo hili linaonekana dogo, lakini filamu nyingi zinazofika kwetu zina maandishi ya tafsiri chini, na asiyeyaona hana filamu.

Kumbuka pia kwamba ukubwa unakula mwanga. Ukiongeza upana kutoka mita 2 hadi mita 3, eneo la picha linakuwa mara 2 na robo, na mwanga ule ule unagawanywa juu ya eneo hilo lote. Picha inakuwa hafifu, chini ya nusu ya ilivyokuwa.

3. Lumeni za kweli na lumeni za kwenye karatasi

Majumba ya sinema yana kipimo chao cha mwanga wa picha. Tukikitumia kwa picha yetu ya mita 2, kwenye ekrani nyeupe ya kawaida na gizani, tunahitaji lumeni karibu 340 tu. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Lakini taa ya projekta inapungua nguvu kadiri inavyozeeka, na mtengenezaji anahesabu mwisho wa maisha yake pale inapobaki na nusu ya mwanga wa mwanzo. Tena, ukichagua rangi za filamu kwenye menyu badala ya rangi kali, mwanga unapungua. Kwa hiyo lumeni 800 hadi 1000 za kweli zinafaa kwa chumba chenye giza. Kama chumba hakiwezi kufungwa vizuri, au kama mtakitumia pia kwa masomo huku watu wakiandika, tafuta lumeni 2500 hadi 3000.

Neno «za kweli» ndilo la kushika. Kipimo kinachoaminika ni lumeni za ANSI, au zilizopimwa kwa kanuni ya ISO 21118. Katika kipimo cha ANSI, picha nyeupe inagawanywa katika sehemu tisa, mwanga unapimwa katika kila sehemu, na wastani ndio unaohesabiwa. Lakini kwenye makasha ya projekta ndogo za bei rahisi utakuta maandishi makubwa ya lumeni 8000 au 12000 bila neno ANSI. Pengine ni mwanga wa taa ya ndani kabla haujapita kwenye lenzi, pengine ni namba iliyowekwa tu ili iuze. Nyingi za mashine hizo zinatoa lumeni mia moja au mia chache zikipimwa kwa haki.

Njia moja ya kutambua ni kutazama wati. Projekta ndogo ya LED inayotumia wati 60 haiwezi kutoa lumeni 8000 kwenye ekrani, hata ikisifiwa namna gani. Kama karatasi haisemi ANSI wala ISO, usiiamini namba, na udai kuona picha kwa macho yako.

4. Umbali wa projekta na ekrani

Kila projekta ina uwiano wake kati ya umbali na upana wa picha. Uwiano wa 1.5 maana yake ni hii: ili kupata picha ya mita 2, iweke mita 3 kutoka ekrani. Uwiano wa 1.2 unahitaji mita 2.4. Uwiano wa 2 unahitaji mita 4. Zipo pia zinazotupa picha kutoka karibu sana, kama mita 1 kwa picha ya mita 2, lakini hizo hugharimu zaidi na zinataka ekrani iliyonyooka kabisa, kwa sababu kila kikunjo kinaonekana.

Namba hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Katika chumba chetu, projekta ya uwiano wa 1.5 itakaa katikati ya chumba, juu ya vichwa vya watu. Itafungwa darini, na fundi ahakikishe boriti inaweza kuubeba uzito, au itawekwa juu ya meza ndogo mahali watoto hawapiti. Ile ya uwiano wa 2 itakaa kwenye rafu ya ukuta wa nyuma bila kumsumbua mtu. Pima kabla ya kununua, maana chumba hakirefuki.

Iweke projekta ielekee ekrani sawasawa. Ikiwa imeinamishwa, picha inakuwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Mashine nyingi zina kirekebisho cha umbo hilo kwenye menyu, lakini kinaponyoosha picha kinapoteza sehemu ya nukta zake, na herufi ndogo zinafifia. Kitumie kidogo tu, pale ambapo huna njia nyingine.

5. Nukta za picha

Picha imeundwa kwa nukta, yaani pikseli. Katika projekta za zamani utakuta 800 kwa 600. Umbo hilo si la filamu za leo, kwa hiyo filamu ya 16 kwa 9 itatumia mistari 450 tu kati ya 600. Kwenye picha ya mita 2, kila nukta itakuwa na milimita 2.5, na utaiona. Projekta ya 1280 kwa 800 ina nukta za milimita 1.6 hivi, na inafaa kwa jamaa nyingi. Ile ya 1920 kwa 1080 ina nukta za milimita 1, na kutoka mita 3 macho ya kawaida hayatataka zaidi. Kulipia 4K kwa picha ya mita 2 katika chumba kama hiki ni kulipia kitu ambacho hutakiona.

Jihadhari na neno «inakubali» 1080. Maana yake ni kwamba mashine inaweza kupokea filamu ya namna hiyo, kisha inaipunguza ili iingie katika nukta zake chache. Uliza swali hili: «Nukta za asili za mashine yenyewe ni ngapi?» Kama muuzaji hajui, tafuta jina na namba ya mashine kwenye intaneti kabla ya kutoa pesa.

6. Taa na umeme wa kukatika

Hapa ndipo hali yetu inapoachana na ushauri wa vitabu vya Ulaya. Umeme wa SNEL unakatika bila kuaga, na hilo lina matokeo juu ya taa utakayochagua.

Projekta za zamani zina taa yenye zebaki, ambayo kwa kawaida hudumu saa 3000 hadi 5000. Inapowaka inapata joto kali, na ukiizima kwa kitufe, feni inaendelea kuzunguka dakika moja au mbili ili kuipoza. Umeme ukikatika ghafula, feni inasimama wakati taa bado ni moto. Jambo hilo likitokea mara kwa mara, maisha ya taa yanafupika, na taa mpya ya asili inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya projekta. Mwenye mashine ya namna hii anahitaji onduleri, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme kwa dakika chache, ili feni imalize kazi yake. Na taa ikipasuka, fungua madirisha na uwatoe watoto chumbani kabla ya kusafisha, maana zebaki ni sumu.

Projekta za LED na za leza hudumu hadi saa 20000 au zaidi kwa hesabu ya watengenezaji, na kukatika kwa umeme hakuziumizi kwa kiwango hicho. Ukitazama saa mbili kila jioni, saa 20000 ni zaidi ya miaka 27. Vitu vingine vitaharibika kabla ya taa. Kwa nyumba zetu tunapendelea LED au leza, hata kama bei ya mwanzo iko juu kidogo.

Wenye umeme wa jua wahesabu hivi. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1200. Ikiwa ni ya risasi, haifai kutumia zaidi ya nusu, basi zinabaki 600. Kibadilisha-umeme kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 220 kinakula kidogo, zinabaki kama 520. Projekta ya taa ya zamani inatumia wati 250, na spika pamoja na kompyuta wati 50: jumla 300. Betri itadumu saa moja na dakika 45 hivi, na filamu ya saa mbili itakatika kabla ya mwisho. Projekta ya LED ya wati 80 pamoja na wati 50 zile zile inatumia 130: betri itadumu saa nne. Kwa hiyo wati zilizoandikwa nyuma ya mashine ni sehemu ya bei yake.

Anayetumia jenereta aiweke nje, mbali na mlango na madirisha, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu ambayo huua watu waliofungiwa ndani, na chumba cha sinema ni chumba kilichofungwa. Vivyo hivyo, makaa ya moto yasiingizwe chumbani wakati wa baridi ya Butembo au ya Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba.

7. Mwinuko na vumbi

Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari. Mitaa mingi ya Goma na Bukavu iko mita 1500 au zaidi, na Butembo iko juu zaidi. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi na inapoza mashine kidogo kuliko hewa ya Uvira au Kalemie kando ya Tanganyika. Watengenezaji wengi wanataka, kuanzia mita 1500 hivi, uwashe kwenye menyu hali iitwayo kwa Kifaransa «haute altitude». Feni itazunguka kwa nguvu na kelele itaongezeka, lakini mashine haitazimika yenyewe katikati ya filamu kwa sababu ya joto. Wengi wetu tunaoishi Kivu hatujawahi kuambiwa jambo hili na muuzaji.

Vumbi ni adui wa pili: vumbi la mawe ya volkano Goma, vumbi jekundu la kiangazi Lubumbashi. Kama projekta yako ina kichujio cha hewa, kisafishe mara moja kwa mwezi, au zaidi wakati wa kiangazi. Ifunike mashine kwa kitambaa ikishapoa, kamwe si inapowaka. Usiziweke pande zake za kutolea hewa karibu na ukuta.

8. Ekrani: ukuta, kitambaa au ya dukani?

Ukuta uliopigwa lipu laini na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni ekrani nzuri, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Kuujaribu ni rahisi: usiku, shika tochi ya simu kando ya ukuta ili mwanga upite ubavuni. Kila kinundu kitaonyesha kivuli chake. Visage kwa msasa kabla ya kupaka. Rangi ya mafuta inayong'aa haifai, kwa sababu inatoa doa la mwanga katikati ya picha.

Katika nyumba ya mbao, kitambaa ni bora. Shuka jepesi linapitisha mwanga, na sehemu ya picha yako inapotelea upande wa pili. Chagua kitambaa kizito cheupe kisicho na mshono katikati, na uweke kingine cheusi nyuma yake. Kivute kwenye fremu ya mbao mpaka kiwe kama ngozi ya ngoma, kwa sababu kitambaa kilicholegea kinatikisika kila mlango unapofunguliwa.

Ekrani ya dukani ina faida ya kunyooka na ya kukunjwa. Uliza kipimo chake cha kurudisha mwanga. Kipimo cha 1 kinarudisha mwanga sawasawa kwa watu wote. Kipimo cha 2 kinampa mwanga zaidi aliyeketi katikati na kumpunguzia aliye pembeni. Kwa chumba cha mita 4 ambamo watoto wanakaa hadi ukutani, chagua 1. Hakikisha pia umbo ni 16 kwa 9, kwa maana ekrani nyingi za ofisi zina umbo la mraba au la 4 kwa 3.

Chochote utakachochagua, zungushia picha ukingo mweusi wa sentimita 6 hadi 8, wa kitambaa au wa rangi. Ukingo huo unameza mwanga unaopotea pembeni, na macho yanauona weusi wa picha kuwa mweusi zaidi. Hakuna badiliko lingine la bei ndogo hivyo lenye matokeo makubwa hivyo.

9. Usisahau sauti

Spika iliyo ndani ya projekta ni ndogo, tena iko nyuma au juu ya watu, wakati midomo inayosema iko mbele. Tenga sehemu ya pesa kwa spika mbili zitakazokaa kando ya ekrani, na uziunganishe kwa waya. Bluetooth mara nyingine inachelewesha sauti, na mtu anafunga mdomo kabla neno lake halijafika. Chini ya bati wakati wa mvua, bila spika nzuri hamtasikia kitu.

10. Siku ya kununua

Nenda ukiwa na karatasi yenye upana wa picha unayotaka, umbali ulionao kati ya ekrani na mahali pa projekta, na wati ambazo umeme wako unaweza kubeba. Nenda pia na filamu kwenye ufunguo wa USB, yenye maandishi ya tafsiri na yenye mandhari ya usiku. Kisha:

– Omba mashine iwashwe mahali penye giza, kwa umbali wa chumba chako. Ikiwa duka halina giza, omba kurudi jioni.
– Tazama pembe nne za picha. Herufi ziwe wazi pembeni kama zilivyo katikati.
– Tazama mandhari ya usiku. Je, unatofautisha nywele na giza lililo nyuma yake?
– Iache iwake dakika 30. Sikiliza feni, na uangalie kama picha inabadilika rangi mashine inapopata joto.
– Kama imekwisha kutumika, fungua menyu na usome saa za taa. Uliza pia kama taa ya kubadilisha inapatikana hapa nchini na kwa bei gani. Weka picha nyeupe tupu, utafute madoa na nukta zilizokufa.
– Hakikisha ina mlango wa HDMI.
– Dai karatasi ya mauzo yenye namba ya mashine na siku za dhamana zilizoandikwa, si za mdomo.

Muuzaji anayekataa majaribio haya amekwisha kukujibu. Toka kwa amani, uende duka lingine.

Mwisho, tunashauri namna ya kugawa pesa. Usiziweke zote kwenye projekta. Toa kwanza za mapazia, rangi na ukingo mweusi. Kisha za spika. Kisha za kulinda umeme. Na zinazobaki ndizo za mashine. Anayefanya hivyo atanunua projekta ndogo kuliko aliyoitamani, lakini mama wa kiti cha nyuma atasoma maandishi yote, na watoto watauona uso wa kila mtu kwenye filamu. Wanaoweka pesa pamoja katika likelemba au katika kikundi wakubaliane juu ya vipimo hivi kabla ya mtu mmoja kutumwa sokoni, ili asirudi na kasha zuri ambalo hakuna chumba kinacholifaa.